POMBE NA PIKIPIKI: UKISHITAKIWA MARA YA KWANZA



Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hupumzika. Mwezi ukiwa mkubwa, taa zao hazivuti dagaa vizuri. Mitumbwi hutulia ufukweni Kibirizi, Katonga na Ujiji. Fedha ipo mfukoni, na vilabu vya pombe hujaa.

Mtu mzima akinywa, hiyo ni hiari yake. Lakini wako wanaotoka kilabuni na kupanda pikipiki au kuwasha gari. Hapo hiari imekwisha. Hilo ni kosa la jinai, na ni hatari kwa maisha.

Leo tujifunze mambo mawili. La kwanza, pombe inafanya nini mwilini mwa dereva. La pili, ufanye nini ukishitakiwa kwa mara ya kwanza.

POMBE NA MWILI

Pombe haikai tumboni kwa muda mrefu. Hupenya katika tumbo na utumbo, huingia katika damu, na baada ya dakika chache hufika kwenye ubongo. Ubongo ukilewa, macho hayaoni sawasawa. Mkono huchelewa kushika breki. Tena mlevi hujiona hodari kuliko siku zote. Kwa sababu hiyo hawezi kujipima mwenyewe.

Ini ndilo linaloondoa sehemu kubwa ya pombe, nalo hufanya kazi polepole. Kwa wastani, pombe hupungua kama miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Kahawa, supu, maziwa au maji baridi haviliharakishi ini.

Chukua mfano huu. Dereva wa bodaboda ana miligramu 150 saa sita usiku. Analala. Saa kumi na mbili asubuhi anaamka, anaoga, anavaa shati safi. Lakini bado ana kama miligramu 60 katika damu. Asubuhi hiyo anampakia mama na mtoto kutoka Mwandiga kwenda Hospitali ya Maweni. Mama haoni hatari yoyote, maana dereva hayumbi. Hata hivyo pombe bado imo, na mtoto akikatiza barabara, breki itachelewa.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo cha moto ukiwa umelewa. Hata kujaribu kuendesha ni kosa. Pikipiki na bajaji ni vyombo vya moto kama lori. Sheria hiyo iliweka kipimo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu.

Usihesabu vikombe ukidhani utabaki chini ya kipimo. Pombe ya ndizi haina ukali mmoja; ya leo si sawa na ya jana. Na gongo ni haramu, iwe unaendesha au huendeshi.

UKIKAMATWA

Usikimbie wala usibishane. Ukitakiwa kupuliza kifaa cha kupima pombe, puliza. Uliza kwa heshima unashitakiwa kwa kosa gani. Ni haki yako kuambiwa.

Usitoe rushwa. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa na anayepokea wote wana makosa. Utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Usitie saini maelezo usiyoyaelewa. Kama unasoma polepole, soma polepole. Kama huwezi, omba usomewe.

Omba dhamana. Dhamana ni ahadi kwamba utarudi siku utakayoitwa. Watafute ndugu wa kukudhamini, wenye barua ya mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Dhamana ya polisi haiuzwi.

MBELE YA HAKIMU

Utasomewa shtaka, kisha utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Sikiliza vizuri kabla ya kujibu. Watu wengi hujibu "ni kweli" haraka ili warudi nyumbani. Ukikiri, hakimu anaweza kukutia hatiani siku hiyo hiyo. Baadaye huwezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, kama kweli ulikiri kwa kuelewa. Utaweza kulalamikia adhabu tu.

Hatukwambii udanganye. Kama ulikunywa na ukaendesha, kukiri kwa kweli kunaweza kukupunguzia adhabu. Kama hukufanya hivyo, kana. Katiba inasema mtu hahesabiwi kuwa na hatia mpaka ithibitike. Kama hukuelewa shtaka, sema hukuelewa.

Ukitiwa hatiani, utapewa nafasi ya kujitetea juu ya adhabu. Sema kwamba ni kosa lako la kwanza, na utaje watu wanaokutegemea. Mahakama inaweza kuyafikiria hayo, lakini hailazimiki kukuachia. Inaweza kukutoza faini, kukufunga, au kukuzuia kuendesha. Kwa dereva wa bodaboda, leseni ni jembe lake. Ikizuiwa, njaa huingia nyumbani. Ukilipa faini, dai stakabadhi.

Kama huna fedha ya wakili, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Uliza katika ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Kama umemjeruhi au kumwua mtu, shtaka huwa zito zaidi. Na hakuna faini inayomrudisha marehemu.

Kwa hiyo panga safari kabla ya kikombe cha kwanza. Acha pikipiki nyumbani. Au mpe funguo mwenzako asiyekunywa, naye asikurudishie hata ukimlilia. Wewe muuza pombe, mzuie mteja aliyelewa asipande chombo. Wewe abiria, ukisikia harufu ya pombe, shuka. Ukilewa mara kwa mara na kuacha kumekushinda, nenda kituo cha afya ukaseme bila aibu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kulala usiku mmoja huenda kusitoshe kumaliza pombe mwilini?
2. Dhamana ni nini?
3. Kwa nini usijibu shtaka kwa haraka?
4. Kijiji chenu kifanye nini ili anayetoka kilabuni asiendeshe?