Kwa Nini Skana Inazunguka Mgonjwa?

Ndugu mgonjwa, pengine ulipigwa radio, kisha munganga akakutuma kwa skana. Usiwaze kwamba radio ile ilikuwa bure.

Wachimbaji wa Kolwezi wanajua: ukiweka mfuko kwenye mizani, unapata uzito wote, lakini hauoni mawe ya shaba yako wapi ndani. Mwali wa radio ni vile vile. Unatupa jumla ya vyote ulivyopita, mfupa na nyama pamoja. Basi uvimbe unaweza kujificha nyuma ya mfupa.

Mwaka 1917 Johann Radon wa Austria alithibitisha kwa hesabu: ukipata jumla za mistari yote iliyonyooka, kutoka pande zote, unaweza kurudisha sura ya ndani. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alivumbua hesabu hiyo tena peke yake. Godfrey Hounsfield wa Uingereza akatengeneza mashine. Wote wawili walipewa Zawadi ya Nobel mwaka 1979.

Kwa hiyo lala kimya. Ukitikisika, jumla hazipatani tena, picha inaharibika. Mama mwenye mimba aseme mbele.

Mungu anaona ya ndani mara moja. Sisi watu, sherti tuzunguke.