Paa wa Sultani Darai Achorwe Kwao

Miongoni mwa hadithi za kale za Unguja imo ile ya Sultani Darai na paa wake. Maskini mmoja, jina lake Hamdani, alikuwa akichakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, akanunua paa. Na paa yule akasema kama wasemavyo watu. Akachimbua almasi, akaipeleka kwa sultani, akamposea bwana wake binti wa kifalme na kumwita Sultani Darai. Kisha akamwua nyoka mwenye vichwa saba, likapatikana jumba la fahari.

Hadithi hiyo iliandikwa hapa Unguja kutoka vinywani mwa wenyeji na Edward Steere, ikapigwa chapa London mwaka 1870. Mwaka 1901 George Bateman aliitoa kwa Kiingereza mjini Chicago, na picha zake zikachorwa na Walter Bobbett. Hatumlaumu mchoraji huyo, maana alifanya kazi aliyopewa. Lakini hadithi iliyozaliwa visiwani haina budi kuchorwa pia na mikono ya visiwani, mikono inayojua jaa lilivyo, na mlango wa nakshi, na baraza wakati wa magharibi.

Kwa hiyo gazeti hili linatoa rai kwa wakuu wa elimu na utamaduni: liandaliwe shindano la kuichora hadithi hii, liwafikie vijana wote, tangu Makunduchi hadi Micheweni. Faida yake si burudani tupu. Nyoka wa vichwa saba hakuna aliyepata kumwona. Kila mchoraji atalazimika kumwumba kwa fikra zake mwenyewe, wala hatapata pa kunakili. Paa naye yupo. Paa nunga angali akiishi katika msitu wa Jozani. Kijana atakayeweza kuweka pamoja jambo la kuwaza na jambo la kutazama, akatufanya tuyasadiki yote mawili, huyo ndiye mchoraji wa vitabu.

Hata hivyo, shindano hupimwa kwa masharti yake kabla ya kupimwa kwa zawadi zake. Si ajabu kuona mashindano yenye sharti kwamba kila picha itakayoletwa, iliyoshinda na iliyoshindwa, itakuwa mali ya mwenye shindano. Mshindi hupewa cheti na makofi. Kisha picha yake huonekana katika kalenda na mabango, jina lake halipo. Mambo hayo hayapatani na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, ambayo shabaha yake ni kumlinda mwenye kubuni.

Tunapendekeza masharti manne yaliyo wazi. Jina la mchoraji lipigwe chapa pamoja na picha yake. Picha zilizoshindwa zirudishwe kwa wenyewe. Malipo ya kuchapisha yawe mbali na zawadi, na yaandikwe katika mkataba. Na kitabu kitakachotoka kinunuliwe kwa ajili ya shule zetu, ili jasho la vijana lisiishie ukutani mwa ofisi.

Wanaoijua hadithi wanakumbuka mwisho wake. Paa alipougua, yule aliyetajirishwa naye aliamrisha apikiwe uji wa mtama duni. Mke alilia, bwana hakujali. Paa akafa, akatupwa kisimani. Ndipo Sultani Darai alipozinduka, akajikuta yuko palepale jaani, akichakura punje.

Wachoraji wetu hawaombi majumba wala almasi. Wanaomba wasipewe uji ule. Mcheza kwao hutunzwa, na wajibu wa kutunza ni wa wenye nyumba.