Dirisha la Ndege na Miguu ya Mstaafu

Mtoto anayeishi ughaibuni anapokuja Moshi kumchukua mama yake mstaafu, jambo la kwanza analolipigania kwenye tiketi ni kiti cha dirishani. Mama aione Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kutoka juu. Ameitazama kutoka chini maisha yake yote, jembe mkononi, chaki mkononi. Angalau mara moja awe juu yake. Ni zawadi ya upendo, na kwa dakika ishirini za mwanzo haina kasoro. Zinazobaki ni saa nane au zaidi za kukaa, na kwa saa hizo kiti kile si chake.

Mwaka 2009 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha uchunguzi uliowalinganisha abiria waliopata damu kuganda ndani ya mishipa baada ya kusafiri kwa ndege na wasafiri wengine ambao hawakupatwa na tatizo hilo. Waliokaa dirishani walikuwa na hatari takriban mara mbili ya waliokaa upande wa njia. Hewa ya dirishani ni ileile ya njiani. Kilicho tofauti ni magoti ya majirani. Anayekaa dirishani hawezi kusimama mpaka awaamshe watu wawili, na mzazi mwenye staha hamwamshi mtu asiyemjua. Anavumilia, anajibana, anakaa.

Ukizungumza na familia za Kibosho, Machame au Rombo kabla ya safari ya namna hii, hofu yao si kukaa. Hofu yao ni kimo. Mzee ana presha, je, moyo utahimili huko juu? Swali ni la haki, na watu wa Kilimanjaro wana bahati ya kuwa na kipimo cha kulijibia nyuma ya nyumba zao.

Ndege kubwa za abiria huruka kati ya mita 10,000 na 12,000, karibu mara mbili ya kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Abiria, hata hivyo, hawapumui hewa ya kimo hicho. Mitambo hubana hewa na kuisukuma ndani, na kanuni za usafiri wa anga haziruhusu hewa hiyo, katika safari ya kawaida, iwe nyembamba kuliko ile ya mita 2,438. Sasa ipande Njia ya Marangu. Lango liko kidogo chini ya mita 1,900. Kibanda cha kwanza, Mandara, kiko mita 2,720. Hewa ya ndani ya ndege iko mahali fulani kati ya hapo, kwenye msitu wa mbega na miti yenye ndevu za kuvu. Mstaafu ambaye kihamba chake kiko Marangu ya juu anapofunga mkanda na kupaa, mwili wake unapandishwa mita mia kadhaa tu juu ya jiko lake. Mstaafu wa Dar es Salaam, aliyezoea hewa ya usawa wa bahari, ndiye anayepanda mlima hasa.

Wanaopitia Addis Ababa wana mfano mwingine. Uwanja wa Bole uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, wakati Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) uko mita 894. Abiria anayetembea pale akisubiri ndege ya pili anapumua hewa inayokaribiana na ya ndani ya ndege. Mamilioni ya watu wa jiji lile huzaliwa, hufanya kazi na kuzeeka ndani ya hewa hiyo.

Kampuni ya Boeing iliwahi kugharimia jaribio la jambo hili. Watu 502 waliojitolea waliwekwa kwenye chumba ambacho hewa yake ilipunguzwa msukumo kama ya ndege, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007 katika New England Journal of Medicine. Kwa hewa ya mita 2,438, kiwango cha oksijeni kwenye damu kilishuka kwa wastani wa pointi 4.4 za asilimia. Kwa mwenye afya njema huo ni upungufu mdogo. Baada ya saa tatu hadi tisa, waliokuwa kwenye hewa nyembamba zaidi walianza kulalamika uchovu na maumivu ya misuli. Na hapa pana jambo la kuwatuliza watoto wenye wasiwasi: waliozidi miaka 60 walilalamika kwa nadra kuliko vijana. Ndege ya Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, ilitengenezwa ili hewa yake isipite ile ya mita 1,830 hivi. Hiyo ni hewa ya Lango la Marangu, kabla hata hujaandikisha jina.

Wapo ambao kimo hicho kidogo kinawatosha kuwaumiza: wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, wenye mapafu yaliyochakaa kwa ugonjwa au kwa miaka mingi ya moshi wa kuni, wenye upungufu mkubwa wa damu, waliotoka kwenye kiharusi au upasuaji siku za karibuni. Madaktari wana kigezo chepesi cha kuanzia: je, anaweza kutembea mita 50 kwenye tambarare bila kuhema? Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kipimo hicho hufanyika kila siku bila daktari. Bibi anayetoka sokoni na kupanda hadi kwake huku anaongea, mapafu yake yamejieleza. Anayesimama mara tatu kushika mgomba apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa ubalozini.

Presha yenyewe ni hadithi nyingine, na ni ya hapahapa. Watafiti walipowapima wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea katika wilaya ya Hai, wilaya ileile yenye KIA, walikuta takriban saba kati ya kila kumi wana shinikizo la juu la damu. Wengi hawakuwa wakijua, na waliokuwa wameidhibiti kwa dawa walikuwa wachache mno. Ndiyo maana kumpima mzazi mwezi mmoja au miwili kabla ya safari kuna maana kuliko kumnunulia koti. Presha iliyogunduliwa Hai hutibiwa kwa vidonge vya kila siku. Iliyogunduliwa Hamburg huanza na gari la wagonjwa. Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini bima nyingi za safari hukwepa ugonjwa ambao msafiri alikuwa nao tangu awali. Maandishi madogo ya mkataba yasomwe na mtoto, kwa sauti, mzazi akisikia.

KIA ina msongamano wa upande wa pili pia. Tangu ilipofunguliwa mwaka 1971, wastaafu wa Ulaya na Marekani hushuka hapo na watoto wao wakubwa, wakielekea kileleni, ambako wazee wa Marangu hawana haja ya kwenda. Mwaka 2012 Martin Kafer, mwenye miaka 85, na mkewe Esther, mwenye miaka 84, waliofika kutoka Kanada, walisimama Uhuru pamoja. Mwaka 2019 Mmarekani Anne Lorimor alifika kileleni akiwa na miaka 89.

Hawa walikwenda kwenye kimo cha kweli. Pale juu, kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni ya pwani. Lakini utafiti wa maradhi ya mlima haujawaonea wazee: umri peke yake haumfanyi mtu augue zaidi. Kinacholeta ugonjwa ni haraka. Mwongozo wa madaktari wa milima unasema ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Njia ya Marangu huruka kutoka Mandara mita 2,720 hadi Horombo mita 3,720, kisha kibanda cha Kibo mita 4,720: mita elfu moja kila usiku. Waongozaji wanaojali huongeza siku moja Horombo, wakawapandisha wageni hadi Mawe ya Pundamilia na kuwarudisha kulala chini. Baba wa miaka 68 anayesikiliza “pole pole” ya mwongozaji mara nyingi hulala vizuri, na mwanawe wa miaka 35 aliyetangulia mbele ndiye anayetapika usiku.

Kwa hiyo kimo kina adabu yake, na ndani ya ndege adabu hiyo huhifadhiwa na mitambo. Kukaa hakuhifadhiwi na mtambo wowote.

Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, watu walilala wameketi kwenye viti ndani ya mahandaki. Daktari Keith Simpson aligundua kwamba wengi kuliko kawaida walikuwa wakifa ghafla kwa mabonge ya damu yaliyotoka miguuni na kuziba mapafu. Mwaka 1954, daktari John Homans wa Boston aliandika juu ya wagonjwa wa aina hiyo waliokuwa wamekaa muda mrefu ndani ya ndege, ndani ya gari, hata kwenye ukumbi wa maonyesho. Kumbe ndege ni kiti kimojawapo tu.

Damu iliyoshuka hadi nyayoni hairudi kwa nguvu ya moyo peke yake. Inasukumwa na misuli ya shavu la mguu: kila hatua, misuli hubana vena, na vilango vidogo ndani ya vena huzuia damu isirudi chini. Misuli ikilala, damu hutuama. Ni kama mfereji wa Kichagga ulioachwa bila kufunguliwa kwa zamu. Maji hayapotei, ila tope hukusanyika. Umri huongeza hatari kwa sababu vilango huchakaa na damu huganda kwa wepesi zaidi. Unene, saratani, upasuaji wa karibuni, au kuwahi kuganda damu zamani huongeza juu ya hapo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya mradi wake wa kuchunguza safari ndefu. Safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara mbili, kwa ndege, gari, basi au treni. Hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, na hupanda safari zinapokuwa ndefu zaidi au zinapofuatana. Mzee anayepanda basi Moshi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, ili kesho yake apande ndege ya usiku, ameunganisha mikao miwili. Wachache hulihesabu hilo.

Dawa ya haya haiuzwi kwa bei kubwa. Kiti cha upande wa njia. Kusimama na kutembea kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho. Akiwa amekaa, kupandisha na kushusha visigino. Soksi za kubana zinazofika chini ya goti zimethibitishwa kupunguza mabonge yasiyo na dalili, mradi zimtoshe na daktari aone hana tatizo la mishipa ya miguu. Aspirini asipewe na jirani kwa ajili ya safari tu. Kwa mzee inaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni.

Na maji. Kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda, na hewa ya ndege ina unyevu mdogo mno, mara nyingi asilimia 10 hadi 20. Kuna jambo ambalo wazazi hulifanya kimyakimya: hawanywi, na kidonge cha presha kinacholeta mkojo wanakiacha kwenye pochi, ili wasisumbue kwenda msalani. Mtoto aliyeketi kando anadhani mama hana kiu. Amuulize waziwazi, na asimuulize mbele ya watu.

Vidonge vyote vikae begi la mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina, pamoja na barua ya daktari. Insulini isiende kwenye mizigo ya chini kabisa, kwa kuwa inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika; na ratiba yake ipangwe na daktari mapema kama safari inavuka saa nyingi. Amsterdam na Moshi hutofautiana kwa saa moja au mbili tu. New York ni saa saba au nane.

Watafiti wa Harvard walionesha mwaka 1999 kwamba saa ya mwili wa binadamu huzunguka kwa muda unaozidi kidogo saa 24, kwa vijana na kwa wazee sawasawa. Mwili huo hupenda siku ndefu kuliko fupi, kwa hiyo kwenda magharibi ni kwepesi kuliko kurudi mashariki. Mama atazoea New York mapema. Atakaporudi Kilema ndipo atakapokaa macho usiku wa manane, na familia isidhani amerogwa huko ughaibuni. Apewe mwanga wa asubuhi uani, na wiki moja.

Lakini kama usingizi huo ulioyumba unakuja na kuchanganyikiwa kusikoisha, kusipuuzwe. Uchunguzi mwingine wa Hai ulikuta shida kubwa ya kumbukumbu kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea, hesabu ikirekebishwa kwa umri. Nyumbani, mazoea huificha: njia ya kanisani inajulikana na miguu. Kwenye nyumba ngeni huko ughaibuni, mzee anayepotea njia ya bafuni usiku wa tatu na wa nne anaonesha kitu kilichokuwepo kabla ya ndege.

Mtoto naye ana lake. Miaka mingi nje hupunguza kinga ambayo mwili wake uliijenga dhidi ya malaria, na akishuka tambarare za chini za Moshi bila neti wala dawa ya kukinga, anaweza kuugua vibaya kuliko mzazi aliyebaki.

Hatari ya damu kuganda haimaliziki mlangoni mwa ndege. Ni kubwa zaidi wiki ya kwanza, na hubaki juu kwa muda wa hadi wiki nane. Mguu mmoja ukivimba na kuuma shavuni, au kifua kikichoma na pumzi ikakata ghafla, mzazi apelekwe siku hiyohiyo hospitali ya Mawenzi au ya KCMC. Sentensi ya kwanza kwa daktari, kabla ya presha na kabla ya kisukari, iwe kwamba alisafiri, lini, na kwa saa ngapi alikaa.