Kinyonga wa Hanang na Majina Yake

Katika misitu ya mlima Hanang, ambao kimo chake kinazidi mita 3,400, wamo vinyonga wa spishi mbili tutakaowazungumzia hapa. Kiswahili cha kila siku huwaita wote "kinyonga", au "lumbwi". Yafaa basi tutazame jinsi wanasayansi wanavyowatenganisha, kabla ya kupendekeza istilahi.

Utaratibu wao ulianzishwa na Carl Linnaeus wa Uswidi: mwaka 1753 kwa mimea, na mwaka 1758 kwa wanyama. Kila spishi hupewa maneno mawili yenye umbo la Kilatini. La kwanza hutaja jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. La pili huibainisha spishi yenyewe.

Kinyonga mmoja wa Hanang alielezwa mwaka 1938 na Lorenz Müller, aliyempa jina la uthmoelleri kwa kumuenzi mtu. Kwanza aliwekwa katika Chamaeleo, kisha Bradypodion. Mwaka 2006 Tilbury, Tolley na Branch, wakitegemea ushahidi wa chembe za urithi, waliunda jenasi mpya iitwayo Kinyongia, kutokana na neno letu. Hivyo neno la kwanza limebadilika, la pili likadumu. Spishi nyingine ilitambuliwa mwaka 2010 na Krause na Böhme: Trioceros hanangensis, yaani "wa Hanang".

Hapa pana mtego kwa watunga kamusi. "Kinyonga" kwetu ni jina la jamii nzima, lakini Kinyongia ni jenasi moja tu. Trioceros hanangensis ni kinyonga, wala si Kinyongia. Jambo hili si dogo: mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama pori, huorodhesha vinyonga kwa majina ya kisayansi. Karatasi iliyoandikwa "kinyonga" pekee haionyeshi ni mnyama gani anayelindwa.

Twapendekeza "kinyonga wa Hanang" awe hanangensis peke yake, kwa kuwa uthmoelleri hupatikana pia katika nyanda za juu za Ngorongoro. Kwa huyu wa pili tusikimbilie kutafsiri Kiingereza. Waulizwe kwanza wasemaji wa Kiiraqw na Kibarabaigi, wenyeji wa Mbulu na Hanang, iwapo lugha zao huwatenganisha. Kiswahili kilipata "kitivo" kutoka Kipare. Hakitapungukiwa heshima kikibisha hodi tena kwa jirani.