Umeme Huvuruga Moyo, Umeme Huurudisha Moyo



Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Tulia. Unasikia kitu kinapiga? Hayo ni mapigo ya moyo. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kila pigo husukuma damu mwilini.

Moyo una umeme wake, mdogo sana. Umeme huo huiamuru nyama ya moyo ijikaze yote pamoja. Sasa, ukishika waya ulio wazi, umeme wa nje huingilia amri hiyo.

Fikiri juu ya wavuvi wanaovuta wavu. Wakivuta pamoja, wavu unakuja. Kila mmoja akivuta kwa wakati wake, wavu hauji, ingawa wote wanatoka jasho. Ndivyo moyo unavyokuwa. Hutetemeka tu, wala hausukumi damu. Mtu huanguka na kuzimia. Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache huanza kufa.

Wataalamu waligunduaje dawa yake?

Mwaka 1899, huko Geneva, Uswisi, wataalamu wawili, Prevost na Batelli, walifanya majaribio kwa mbwa. Waliona jambo la ajabu. Umeme mdogo uliutetemesha moyo. Lakini umeme wenye nguvu zaidi uliukomesha mtetemeko huo. Ni kama kiongozi wa wavuvi kupiga kelele, "Acheni!" Wote wanaacha, kisha wanaanza tena pamoja.

Ilipita miaka mingi. Mwaka 1947, huko Cleveland, Marekani, Dakta Claude Beck alikuwa akimpasua kijana wa miaka 14. Moyo wa kijana ukaanza kutetemeka. Dakta aliukamua kwa mkono, kisha akaushtua kwa mashine ya umeme. Moyo ukarudi, na kijana akapona. Mwaka 1956 Dakta Paul Zoll alieleza jinsi ya kuushtua moyo bila kupasua kifua.

Huko Baltimore alikuwako William Kouwenhoven. Yeye hakuwa daktari, alikuwa mhandisi wa umeme. Katika majaribio ya mashine hiyo, mwenzake Knickerbocker aliona kwamba kukikandamiza kifua cha mbwa kulisukuma damu. Mwaka 1960 wao na Dakta Jude waliwaeleza watu kwamba mikono mitupu inaweza kusukuma damu mpaka msaada ufike.

Mikono hiyo, ndugu msomaji, hata wewe unayo.

Mtu akinaswa na umeme, fanya hivi:

1. Usimshike! Utanaswa na wewe.

2. Kama ni nyumbani, zima swichi kubwa. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, uusukume waya kwa mti mkavu.

3. Kama ni waya wa nguzoni ulioanguka, usiukaribie kabisa, hata kwa mti. Zuia watu na watoto. Waite mafundi wa shirika la umeme.

4. Umeme ukishakatika, mwite kwa sauti. Kama haitiki wala hapumui vizuri, tuma mtu akaite msaada.

5. Mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu, kifua kishuke kiasi cha sentimeta 5, kisha kiache kirudi. Bonyeza mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kumpulizia pumzi, bonyeza mara 30, mpulizie mara 2. Mkichoka, pokezaneni. Msiache mpaka aanze kupumua au mganga afike.

Usimnyweshe maziwa wala maji. Aliyezimia atapaliwa.

Na onyo kubwa: usijaribu kamwe kumshtua mtu kwa umeme wa nyumbani! Mashine ya hospitali hutoa umeme uliopimwa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Waya wa ukutani haupimi. Unaua.

Hata akizinduka na kusema, "Nimepona," mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Moyo wake unaweza kuvurugika tena, na umeme huunguza ndani mahali pasipoonekana.

Leo jioni, wasomee jirani zako habari hii. Waonyeshe swichi kubwa ya nyumba yako iko wapi.