Jibini na Jiko Lisilo Moto

Mjukuu wangu hurejea kutoka chuoni baada ya alasiri akiwa na njaa, naye mama yake bado yu kazini. Jiko la mafuta tumemkataza kuliwasha. Likabaki la maikrowevu, na siku moja alitwaa chapati ya jana, akaijaza jibini, akaitia humo dakika 3 nzima. Kilichotoka kilikuwa kigumu mfano wa soli ya kiatu, na jibini la ndani likamwunguza mdomo hata siku ya pili asiweze kusoma darasa yake.

Kosa halikuwa lake peke yake, kwani hatukumfundisha. Jiko hili lilizuka mwaka 1945, pale Percy Spencer wa Marekani, fundi wa mitambo ya rada, alipogundua kuwa mawimbi yake hupasha chakula. Mawimbi hayo hayachomi kwa nje kama mkaa. Huyatikisa maji yaliyomo chakulani, likapatikana joto. Ndiyo sababu mkate haupati rangi humo, na ukizidishwa hukauka. Jibini nalo likizidi joto hukazana, likajikamua mafuta yake.

Basi likuneni jibini, msilikate mapande. Mkate uokwe kwanza kikaangoni; chapati yatosha ilivyo. Tandazeni jibini jembamba, na nyanya kidogo mkipenda. Wekeni sekunde 20, fungueni mtazame, kisha ongezeni 10 tu mpaka liyeyuke. Liacheni dakika moja kabla ya kula, maana jibini hushika joto kuliko mkate. Sahani isiwe na ukingo wa dhahabu: yangu ya harusi ilitoa cheche, na mwenye nyumba hajanisamehe.

Lakini kabla ya hayo yote, someni karatasi ya jibini. Maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama, na hapo hapana budi kuuliza ndama huyo alichinjwaje. Siku hizi kingi hutokana na ukungu au vijidudu. Palipoandikwa hivyo, au kwamba ni cha mimea, shaka hiyo imeondoka. Palipo kimya, muulizeni mwenye duka. Mimi nimewahi kurudisha pakiti huku watu wakinisubiri nyuma yangu, na sikuona haya.

Mjukuu wangu sasa huhesabu sekunde kwa sauti. Jana aliniletea kipande. Chumvi ilizidi kidogo, nikakimaliza.