Mwanamama Aliyeishtaki Serikali kwa Kupekua Simu za Watu

Katika barua zinazofika mezani kwangu kila mwezi, za simu hazikosi. Huyu kanuniana na mumewe kwa sababu simu ina namba ya siri, yule kasoma meseji za mchumba usiku wa manane na sasa usingizi haupati. Msimamo wangu mnaujua: simu ya mwenzio si ya kupekua, hata kama mnalala kitanda kimoja. Mwezi huu nawaletea mwanamama aliyekwenda mahakamani kudai hayo hayo, ila mpekuzi wake hakuwa mume wa mtu. Ilikuwa serikali ya Marekani.

Anaitwa Cindy Cohn, mwanasheria wa California. Mwaka 1995 alikuwa bado wakili kijana alipobeba kesi ya Daniel Bernstein, mwanafunzi wa hisabati pale Berkeley aliyebuni programu ya kufumba ujumbe ili asiyehusika asiusome. Sheria ya wakati huo iliihesabu programu ya namna hiyo kuwa silaha, eti kama bunduki vile! Kuiweka kwenye intaneti kulitaka leseni. Cohn akaja na hoja kwamba maandishi ya programu ni maneno, na katiba inalinda maneno. Jaji Marilyn Hall Patel akaikubali mwaka 1996, mahakama ya rufaa ikaafiki mwaka 1999, na mwaka 2000 serikali ikalegeza masharti.

Kesi iliyofuata ndiyo ilimla miaka. Januari 2006 alikuwa mkuu wa sheria wa shirika la EFF, San Francisco, mzee mmoja mstaafu wa kampuni ya simu ya AT&T alipobisha hodi na karatasi mkononi. Mark Klein alieleza kwamba katika jengo la kampuni hiyo mtaa wa Folsom kuna chumba namba 641A, na nakala ya mawasiliano ya intaneti ya wateja inapelekwa humo kwa ajili ya shirika la ujasusi, NSA. EFF ikaishtaki kampuni mwezi huo huo. Julai 2008 Bunge likapitisha sheria ya kuzikinga kampuni za simu. Wewe ungerudi nyumbani, si ndiyo? Septemba Cohn na wenzake wakaishtaki NSA yenyewe.

Jibu la serikali: siri ya taifa. Hata nyaraka za Edward Snowden zilipoanikwa mwaka 2013, jibu likabaki hilo. Kesi ilitupwa mwaka 2019, rufaa ikagonga mwamba 2021, na Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Hapo ndipo ninapochemka. Yaani upekuliwe, halafu uambiwe huna ushahidi, kumbe ushahidi anao mpekuzi na kautia kabatini!

Wapo wanaosema, “Kwenye simu walichukua orodha ya namba tu, maneno hawakusikiliza.” Namba tu, shosti? Uliyempigia saa saba usiku, mkaongea dakika arobaini, kesho yake ukapiga hospitali, kisha kwa wakili wa talaka. Nani anahitaji maneno hapo? Mwaka 2015 Bunge liliizuia serikali kuzoa orodha hizo kwa jumla, na mwaka huo huo Cohn akawa mkurugenzi mtendaji wa EFF.

Mzee Klein alifariki Machi 2025. Mahakama haikuwahi kuamua kama yaliyofanyika katika chumba kile yalikuwa halali.